Kuiandaa Timu kwa Msimu Mpya wa Ligi Kuu Tanzania Bara: Mwongozo Kamili kwa Klabu Ndogo na Iliyopanda Daraja

Ligi Kuu Bara ni mechi 30. Timu ni 16, kila moja inacheza 15 nyumbani na 15 ugenini. Kwa utaratibu wa misimu ya karibuni, ya 15 na ya 16 hushuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 huenda kwenye mchujo. Klabu nyingi ndogo hujiandaa kana kwamba mechi ni tano. Agosti wanapendeza, Novemba mishahara inakatika, Februari miguu inaisha, na Aprili wanaanza kupiga hesabu za nani afungwe ili wao wabaki.

Mwongozo huu ni wa katibu, mweka hazina, meneja wa timu na kocha wa klabu isiyo na tajiri nyuma yake. Tukuyu Stars ya Mbeya ilitwaa ubingwa mwaka 1986 ikiwa ndiyo kwanza imepanda, lakini lengo la kawaida la timu iliyopanda ni kubaki, na kubaki kunaandaliwa kati ya Juni na Agosti. Weka lengo la pointi 36, yaani wastani wa pointi 1.2 kwa mechi. Nyumbani tafuta 24 (ushindi 7, sare 3), ugenini 12 (ushindi 2, sare 6). Kila uamuzi wa fedha, usajili na mazoezi upimwe kwa hesabu hiyo.

Anza na kalenda, hesabu kurudi nyuma

Usianze kambi kwa mazoea. Subiri Bodi ya Ligi itangaze tarehe ya ufunguzi, kisha hesabu siku 42 kurudi nyuma. Kama mechi ya kwanza ni Agosti 15, mazoezi yanaanza Julai 4 na vipimo vya afya vinafanyika siku tatu kabla, Julai 1. Msimu wa 2025/26 ulianza katikati ya Septemba kwa sababu ya CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, iliyochezwa Agosti 2025 hapa kwetu, Kenya na Uganda. Timu inayoingia kambini mwanzoni mwa Julai katika mwaka wa namna hiyo hufika mechi ya kwanza ikiwa imeshachoka na imekula bajeti ya mwezi mzima wa ziada.

Baada ya hapo weka alama kwenye kalenda: wiki za mechi za kimataifa, Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar mwezi Januari kama umealikwa, na Ramadhani. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza wiki ya pili ya Februari, kutegemea mwandamo. Mwaka huohuo AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inaandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, kwa hiyo jiandae kwa ratiba iliyobanwa na viwanja vikubwa kukaliwa na maandalizi.

Jambo linaloziumiza timu ndogo ni viporo. Mpinzani wako akiwa kwenye mashindano ya CAF (shirikisho la soka Afrika), mechi yenu itasogezwa, na inaweza kurudi katikati ya wiki ambayo tayari una safari. Tengeneza ratiba yako ya ndani yenye rangi tatu: mechi zenye uhakika, mechi zinazoweza kuahirishwa (karibu zote dhidi ya wawakilishi wa nchi Afrika), na nafasi tupu ambamo kiporo kinaweza kuangukia. Nafasi hizo usizijaze na mechi za kirafiki za mbali.

Leseni ya klabu na uwanja

Vigezo vya leseni vinafuata mafungu matano ya CAF: michezo, miundombinu, utawala na watumishi, sheria, na fedha. Nyaraka zinapandishwa kwenye mfumo wa mtandaoni. Mteue mtu mmoja kuwa ofisa wa leseni, mpe kompyuta, na mpe mamlaka ya kumwandikia mtu yeyote klabuni. Klabu inayokabidhi kazi hii kwa katibu ambaye pia ni meneja, msemaji na mpokea wageni hukwama kwenye mambo madogo: hesabu za mwaka uliopita hazijakaguliwa, mkataba wa kocha wa vijana haujasainiwa, barua ya daktari imepitwa na wakati. Soma pia kanuni za msimu husika kuhusu daraja la leseni ya kocha mkuu na msaidizi kabla hujamtangaza kocha. Kumtambulisha kocha kwa shangwe halafu akakaa jukwaani kwa kukosa vigezo ni fedha iliyopotea.

Kuhusu uwanja, vingi vinamilikiwa na CCM au halmashauri. Andika mkataba wa matumizi wa msimu mzima, wenye tarehe za mechi, saa za mazoezi, nani anamwagilia nyasi, nani anarekebisha taa na vyoo, na nani anawajibika mkutano au tamasha likiharibu eneo la kuchezea. TFF, shirikisho la soka Tanzania, imekuwa ikifungia viwanja hata katikati ya msimu kwa kutokidhi vigezo, na timu inayohamishwa inalipa usafiri na malazi kwa mechi inayoitwa ya nyumbani. Kwa hiyo taja uwanja mbadala mapema, ulio karibu, na uukague mwenyewe.

Ukaguzi wako uwe hivi: eneo la kuchezea mita 105 kwa 68, nyasi milimita 25 hadi 30, magoli mita 7.32 kwa 2.44 (pima katikati pia, maana miamba huinama), mabenchi yenye paa, vyumba vya kubadilishia vyenye maji yanayotoka, chumba cha waamuzi chenye mlango unaofungwa, na njia ya gari la wagonjwa isiyozibwa na maegesho. Mwezi mmoja kabla ya ligi, jaza mashimo kwa mchanga uliochanganywa na udongo mweusi, panda vipande vya nyasi, na fungia eneo la goli. Mazoezi ya makipa yafanyike pembeni. Uwanja unaochimbika kwenye boksi mwezi Agosti utakuwa tope mvua zikianza.

Fedha: mishahara ya miezi 12 kwanza

Andika mapato ya uhakika peke yake. Uhakika ni mkataba uliosainiwa: gawio la haki za matangazo (Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 mwaka 2021), fungu la mdhamini mkuu wa ligi, na mdhamini wa jezi aliyesaini. Ahadi ya mheshimiwa kwenye sherehe ya kupanda daraja haiingii kwenye karatasi hii. Mapato ya mlangoni nayo yaandikwe kwa woga, kwa kuwa sehemu kubwa yatatoka kwenye mechi mbili tu, Simba na Yanga wakija kwako.

Mishahara ya wachezaji na benchi la ufundi isizidi asilimia 60 ya mapato hayo. Tuchukue mfano wa klabu yenye milioni 900 za uhakika. Asilimia 60 ni milioni 540, gawanya kwa 12, unapata milioni 45 kwa mwezi. Kwa wachezaji 25 na watumishi 8 wa benchi, wastani ni kama milioni 1.36 kwa mtu, kabla ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na michango ya NSSF, michango ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara. Ukikubaliana na mchezaji mshahara wa "mkononi", kodi na michango inabaki juu yako, na mzigo halisi unazidi ulioandika. Zungumza kwa mshahara ghafi siku zote.

Gawa kwa 12, usigawe kwa 10. Ligi inachukua miezi tisa au kumi, lakini mkataba unalipa na mapumziko. Kosa hili moja ndilo linalokata fedha za miezi ya mwisho.

Weka akiba ya mishahara ya miezi miwili kwenye akaunti tofauti yenye saini tatu. Sababu yake ni ya kisheria: kwa kanuni za FIFA, mchezaji asiyelipwa mishahara miwili anaweza kuiandikia klabu notisi ya siku 15, na asipolipwa anaondoka bure na kukudai fidia. Deni lisilolipwa linaishia kwenye kufungiwa kusajili, na klabu kadhaa za ligi yetu zimepitia hapo. Adhabu hiyo haiangalii kwamba uongozi umebadilika.

Fedha za usajili nazo ni mtego. Klabu inamwahidi mchezaji milioni 20, inampa 8 siku ya kusaini, 12 "zitafuata". Zisipofuata, mchezaji anacheza akiwa na kinyongo, na deni limeandikwa. Ni bora milioni 6 taslimu na mshahara mzuri kidogo unaolipwa tarehe 28 kila mwezi. Wachezaji wanaambiana klabu ipi inalipa kwa wakati, na sifa hiyo inaleta wachezaji wazuri kwa bei ndogo.

Usajili

Sajili kwa hesabu ya nafasi. Kikosi cha 25 kinatosha: makipa 3, mabeki 8, viungo 8, mawinga na washambuliaji 6, na juu yake vijana wanne au watano wa timu ya U20 wanaofanya mazoezi na wakubwa. Kati ya 25 hao, angalau wanne wawe viraka wanaoweza nafasi mbili bila kushusha kiwango. Beki wa kulia anayecheza pia beki wa kati anakuokolea mshahara mzima.

Timu iliyopanda ibakishe wachezaji 12 hadi 14 waliopandisha timu. Kuwaacha wote na kuleta wapya 18 kunavunja maelewano, na kocha anatumia mechi nane za kwanza kuwatambulisha. Fedha kubwa iende kwenye uti wa mgongo: kipa, beki wa kati anayeongoza wenzake, kiungo mkabaji, na straika aliyewahi kufunga kwenye Ligi Kuu hii hii. Mabao ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, hayahami yenyewe. Mabeki wa juu wanakupa nusu ya nafasi uliyozoea.

Hatua za usajili wa ndani zifuate mpangilio huu, na mpangilio wenyewe ni muhimu:

1. Hakiki tarehe ya mwisho ya mkataba wake wa sasa. Mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu anaweza kuzungumza na klabu nyingine, lakini klabu yake ijulishwe kwa maandishi kabla ya mazungumzo.
2. Tafuta rekodi ya dakika alizocheza misimu miwili iliyopita. Video za mabao peke yake hazitoshi. Aliyecheza chini ya dakika 900 msimu mzima ana sababu, na ni kazi yako kuijua.
3. Mpime afya. Kanuni za FIFA haziruhusu mkataba utegemee kufaulu vipimo au kupata kibali cha kazi. Ukishasaini umefungwa, goti liwe zima au bovu.
4. Saini mkataba nakala nne, kila ukurasa uwe na saini ya pande zote mbili, muda usizidi miaka mitano. Kwa aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu, na mzazi au mlezi asaini.
5. Pandisha nyaraka kwenye mfumo wa usajili wa TFF, kisha fuatilia mpaka uone leseni ya mchezaji imetoka.

Kwa mchezaji wa kigeni ongeza mfumo wa uhamisho wa FIFA, yaani TMS, na hati ya uhamisho wa kimataifa inayotoka shirikisho la alikotoka. Juu ya hapo kuna kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Vibali vina foleni yake, kwa hiyo mgeni asajiliwe wiki nne kabla ya mechi ya kwanza, si siku nne. Usisajili mgeni chini ya miaka 18 ukidhani utapata njia. FIFA inazuia, na milango ya msamaha ni michache.

Makosa yanayokwamisha yanajulikana. Jina kwenye pasipoti limepangwa tofauti na lililoko kwenye usajili wa zamani. Tarehe ya kuzaliwa haifanani. Barua ya kuachwa imesainiwa na mtu asiye na mamlaka. Mchezaji ameshasajiliwa na klabu tatu ndani ya msimu mmoja, au ameshachezea mbili mechi za mashindano, na hapo FIFA imefunga mlango. Kubwa kuliko yote ni kupandisha nyaraka usiku wa mwisho wa dirisha, wakati mfumo umeelemewa na intaneti ya ofisi imekata. Weka dirisha lako la ndani lifungwe siku tano kabla ya lile rasmi.

Vipimo vya afya

Siku tatu zinatosha ukipanga vizuri. Moyo kwanza: kipimo cha umeme wa moyo na picha ya moyo. Kwa walio Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Muhimbili. Wa mikoani waulize hospitali za rufaa na za kanda. Halafu damu: kiwango cha damu, seli mundu, homa ya ini B, sukari, malaria. Presha, macho na meno pia. Jino bovu linaharibu usingizi na kula kwa wiki nzima, na ni jambo dogo la kurekebisha mwezi Julai.

Kisha misuli. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, pima sentimita 15 juu ya ukingo wa juu wa kifupa cha goti, zungusha kwenye paja lililolegea, andika. Rudia mguu wa pili. Tofauti ya sentimita 2 na zaidi inakuambia kwamba mguu mmoja haujarudi baada ya jeraha la zamani, hata kama mwenyewe anasema yuko fiti. Mpe mchezaji huyo mazoezi ya mguu mmoja mmoja kwa wiki nne kabla hujamwingiza kwenye mbio za kasi. Futi hiyo bei yake haizidi ya soda chache na inaokoa msimu wa mtu.

Daktari wa timu awe na orodha ya dawa zilizopigwa marufuku, na kila mchezaji asaini kwamba hatameza kitu, hata dawa ya mafua au ya mitishamba, bila kumuuliza.

Wiki sita za mazoezi

Wiki ya kwanza na ya pili ni za kujenga pumzi. Siku ya pili fanya kipimo cha Yo-Yo: koni mbili umbali wa mita 20, kwenda na kurudi kwa mlio unaozidi kasi, sekunde 10 za kutembea mita 5 kwenda na kurudi kati ya kila awamu. Unahitaji koni, spika na sauti iliyorekodiwa. Mchezaji wa kiwango hiki anatakiwa kufika mita 2,000 na kuendelea. Aliye chini ya 1,500 apewe programu yake, asilazimishwe kukimbia na wenzake, kwa kuwa hapo ndipo nyama za paja zinapochanika. Mazoezi mara moja kwa siku kwa siku nne za mwanzo, kisha mara mbili kwa siku tatu za wiki. Mpira uwepo kila siku. Kukimbiza watu mchangani na kupandisha ngazi za jukwaa kwa wiki mbili bila kugusa mpira kunaleta miguu mizito na vifundo vilivyovimba.

Kupasha misuli kutumie programu ya FIFA 11+: dakika 8 za mbio nyepesi, 10 za nguvu na usawa, 2 za mbio za kasi. Ni dakika 20, bila vifaa, na tafiti zimeonyesha inapunguza majeraha inapofanywa mara mbili au zaidi kwa wiki. Ongeza zoezi la nyama za nyuma ya paja: mchezaji anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo, anajishusha mbele polepole akijizuia. Wiki ya kwanza seti 2 za mara 5, siku moja tu. Ya pili seti 2 za mara 6, siku mbili. Ya tatu seti 3 za mara 6 hadi 8, siku tatu. Makocha huliacha zoezi hili kwa sababu siku mbili za mwanzo wachezaji wanalalamika maumivu. Maumivu hayo yanapita. Lisifanywe siku moja au mbili kabla ya mechi.

Wiki ya tatu na ya nne ni za mbinu na mechi za kirafiki. Panga sita: ya kwanza kila mtu dakika 45, ya pili 60, ya tatu 75, kisha 90. Mpaka ligi inaanza, wachezaji 14 hadi 16 wawe wamemaliza dakika 90 mara mbili. Mbili za kwanza cheza na timu za daraja la chini, tatu za kati na wa daraja lako, moja na timu kubwa ikikubali. Mechi ya kirafiki dhidi ya Simba au Yanga siku ya tamasha lao ina faida ya fedha na macho ya watu, lakini isiwe kipimo chako cha mwisho. Kufungwa matano wiki moja kabla ya ligi kunamwachia kocha kazi ya kutuliza watu badala ya kufundisha.

Wiki ya tano na ya sita punguza urefu, ongeza kasi. Tenga angalau vipindi vinne vya dakika 40 kwa kona na faulo, za kushambulia na za kuzuia. Timu ndogo isiyo na mchezaji wa kuvunja mabeki itapata sehemu kubwa ya mabao yake hapo, na bao moja la kona ugenini ndilo sare yako ya pointi moja. Weka wapigaji wawili, wa mguu wa kulia na wa kushoto, na mipango mitatu tu inayojulikana kwa ishara ya mkono.

Fanya mazoezi saa ya mechi. Mechi za saa 10 jioni Dar es Salaam au Tanga na za saa 1 usiku si kazi moja. Pima uzito kabla na baada ya mazoezi. Mchezaji wa kilo 70 asipoteze zaidi ya kilo 1.4, na kila kilo iliyopungua irudishwe kwa lita moja na nusu ya maji, yenye chumvi na sukari kidogo, ndani ya saa chache. Anayepungua kilo mbili kila siku, mkojo ukiwa wa rangi nzito, ndiye atakayekamatwa na misuli dakika ya 70.

Ramadhani ikiingia, hamishia mazoezi makali saa 3 usiku baada ya futari, na mepesi saa moja kabla ya kufuturu ili wakimaliza wanywe. Wasiofunga wafanye ratiba hiyohiyo, timu isigawanyike.

Safari

Hapa ndipo klabu ndogo zinapopoteza pointi. Msafara ni wachezaji 20 na watumishi 8. Kwa Dar es Salaam hadi Mbeya, kama kilomita 830, kwenda na kurudi ni 1,660. Basi linalokwenda kilomita 3 kwa lita linataka lita 553. Weka 600 pamoja na mizunguko ya mjini, zidisha kwa bei ya mafuta ya mwezi huo inayotangazwa na EWURA. Vyumba 14 vya watu wawili kwa usiku tatu ni 42. Milo mitatu kwa watu 28 kwa siku nne ni 336. Fanya hesabu hii kwa safari zote siku ratiba inapotoka, na uone mikoa gani inaweza kuunganishwa. Ukiwa na mechi Mwanza na Bukoba zilizokaribiana, baki Kanda ya Ziwa. Usirudi nyumbani kwa siku mbili.

Safiri mchana, madereva wawili, bima ya abiria iwe hai. Februari 2025 basi la Dodoma Jiji lilipata ajali mkoani Lindi likitoka Ruangwa, na watu walijeruhiwa. Usiku wa kuokoa gharama za hoteli haustahili hatari hiyo.

Fika siku mbili kabla pale inapowezekana, hasa Mbeya, ambako uwanja wa Sokoine uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Timu ya pwani inahisi kifua kubana dakika ya 20, na mpira unaruka mbali kuliko kipa alivyozoea. Mpe kipa dakika 30 za krosi siku ya kufika. Dakika 15 za kwanza timu isikimbize mpira mbele. Kwa Kaitaba ya Bukoba na Nyamagana ya Mwanza, nyasi ni bandia: viatu vya meno mafupi na mengi, vitambaa vya kuzuia michubuko ya magoti, na mazoezi mawili kwenye nyasi bandia kabla ya safari, maana vifundo na magoti yanasikia tofauti siku ya pili.

Mgeni ana haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi siku moja kabla. Omba kwa barua, pata jibu kwa maandishi, mjulishe kamishna wa mechi. Derby ya Kariakoo, Simba na Yanga, ya Machi 8, 2025 iliahirishwa baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kufanya mazoezi hayo Uwanja wa Benjamin Mkapa. Klabu ndogo haina ubavu wa kugoma, kwa hiyo karatasi ndizo zinazokulinda.

Siku ya mechi na daftari la kadi

Mwenyeji anabeba mzigo. Kwenye kikao cha kabla ya mechi peleka jezi zote, za kipa pia. Hakikisha askari, waokota mipira waliofundishwa, na gari la wagonjwa lenye oksijeni na muhudumu, si gari tupu lenye king'ora. Bila gari hilo mwamuzi haanzi. Kama klabu inaweza kununua kifaa kimoja tu cha tiba, kiwe cha kushtua moyo uliosimama, kwani kila dakika inayopita bila huduma inapunguza uwezekano wa kupona kwa karibu asilimia 10.

Meneja wa timu awe na daftari la kadi, la karatasi, lenye safu sita: tarehe, mechi, jina, dakika, rangi, jumla. Baada ya kipenga cha mwisho alinganishe na ripoti ya mwamuzi kabla hajatoka uwanjani. Kadi za njano zikifika idadi iliyowekwa na kanuni za msimu zinamkosesha mchezaji mechi inayofuata, na mechi za viporo zinachanganya ipi ndiyo inayofuata. Mwaka 2017 mzozo wa kadi tatu za njano baada ya mechi ya Kagera Sugar na Simba ulizunguka kwenye kamati kwa wiki kadhaa, pointi zikitolewa na kurudishwa. Ukiwa na shaka, iandikie Bodi ya Ligi, na mchezaji huyo akae nje mpaka jibu lifike.

Dirisha dogo na mwisho wa mikataba

Tenga mapema asilimia 10 ya bajeti ya usajili kwa dirisha dogo, yaani usajili wa katikati ya msimu, na usajili wachezaji wawili au watatu kwa nafasi zilizoonekana na pengo. KenGold ya Mbeya ilileta majina makubwa dirisha dogo la msimu wa 2024/25, na bado ilishuka. Mchezaji anayekuja Januari bila maandalizi anahitaji wiki nne hadi sita kufika dakika 90 za ushindani, na wakati huo umebakiza mechi kumi na kitu.

Kabla ya kusaini mkataba wowote Julai hii, angalia tarehe ya mwisho. Msimu wa 2024/25 ile derby iliyoahirishwa ilikuja kuchezwa Juni 25, na mechi za mchujo huja baada ya ligi kumalizika. Mkataba ulioandikwa "hadi Juni 30" au "hadi mechi ya mwisho ya ligi" unaweza kukuacha na wachezaji huru wiki unayowahitaji kuliko zote. Andika: hadi mechi ya mwisho rasmi ya msimu, ikiwemo ya mchujo, hata kama itachezwa Julai. Posho ya kipindi hicho iandikwe kwenye kifungu hichohicho.